Lori la Ngano ya Balzer

Neuhof, Dakota Kaskazini
11 Machi 1996

Kwako Baba Mdogo Wendel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta, maana anwani nimeitoa kwenye kadi ya Krismasi uliyomtumia Shangazi Regina miaka minne iliyopita, na ninyi watu wa barabarani mnahama kama ndege. Huku hatujambo. Theluji imeanza kulegea upande wa kusini wa banda. Ndama kumi na wanne wameshazaliwa, mmoja amekufa kwa baridi. Mama tumemfanyia misa ya mwaka wa pili. Baba alipasuliwa nyonga mwezi wa kumi na moja, akawekewa ya chuma. Anatembea kwa mkongojo, anakula vizuri, na kugomba anagomba vizuri zaidi.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Reli iliyokuwa inakuja Neuhof imeng'olewa, na ghala la kijijini limefungwa. Sasa ngano inapelekwa kwenye maghala mapya, maili sitini. Kilori chetu chekundu kinabeba tani nane tu na kikipanda kilima kinataka kusukumwa kwa sala. Kwa kilori hicho mavuno ya Agosti tutayamaliza Krismasi.

Ignaz Vetter, jirani yetu, anataka kukodi shamba lote. Alikuja Jumapili, akakaa mezani anapasua mbegu za alizeti. Baba akaniambia mbele yake: "Loka, ukifikisha ngano yote ghalani kabla shule hazijafunguliwa, shamba nakuandikia wewe. Ukishindwa, Vetter anakodi, na wewe katafute mume mwenye trekta." Vetter akacheka. Mimi nina miaka thelathini na mitatu, na ardhi hii naipanda tangu nikiwa na kumi na mitatu.

Nahitaji lori la tela, lililotumika, la kubebea ngano wiki sita kwa mwaka. Wauzaji wa huku wakiniona mwanamke wananionyesha rangi. Wewe una miaka thelathini na minne kwenye usukani. Naomba unichagulie. Mwisho wangu ni dola elfu tisa.

Baba hajui kwamba nakuandikia. Naomba ibaki hivyo.

Mwanao,
Leokadia Gefroh


Amarillo, Texas
24 Machi 1996

Loka mwanangu, binti wa kaka yangu mkaidi,

Marahaba, na nyingine tena, na ya tatu weka akiba ya kesho. Nyonga ya chuma? Basi sasa Balzer analingana na kichwa chake. Mimi ni mzima kama kengele. Daktari mmoja hapa, kijana hata ndevu hana, ananikataza keki, lakini huyo hajawahi kuonja keki ya maziwa ya mama yangu, hivyo namhurumia. Nimepungua kidogo. Wanawake wa Amarillo wanasema nimependeza.

Kwanza nakusifu kwa kuchagua mtaalamu. Shule niliacha darasa la sita, lakini injini naisoma kama padre anavyosoma misale, na bila miwani. Nimeshuka milima ya Kolorado mara mia mbili na sijachoma breki hata siku moja. Madereva wa hapa wakibishana, huniita niamue. Kwa hiyo sikiliza.

Mkulima akienda kununua lori hufanya kosa lile lile: hununua lile ambalo angependa aonekane nalo kanisani. Refu, lina bomba mbili za moshi zinang'aa, lina kitanda nyuma ya kiti. Kitanda cha nini? Wewe unalala kwako. Kile kitanda ni futi tano za chuma utakazozikokota bure, na kwenye ua ule aliojenga babu yako kwa ajili ya farasi hutaweza kugeuza. Wewe taka kichwa kifupi, kabini ya viti viwili tu. Taka difu mbili, yaani ekseli mbili za nyuma, zote zinasukuma, maana lenye difu moja likikanyaga shamba baada ya mvua linazama hadi bampa na Vetter anakuja kupiga picha. Taka springi za chuma, siyo mito ya upepo. Usitake lililozeekea kaskazini, kwenye chumvi ya barabara za barafu. Chasi yake utaitoboa kwa bisibisi. Huku kwetu kukavu lori linazeeka kama nyama ya kukausha, linakuwa gumu tu.

Na mnadani hatuendi saa nne. Tunaenda saa moja asubuhi, tunaweka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ujue mwenyewe keshaiamsha mapema ili usisikie kikohozi chake. Injini ya kununua huikuta baridi, uiwashe wewe. Na uchungulie kifuniko cha oili: ukiona utelezi mweupe kama uji, muage kwa adabu uondoke.

Je, kaka bado anasema mimi mwizi? Mzee alimpa yeye shamba zima, ekari elfu moja na mia mbili, kwa kuwa kwetu Wajerumani shamba halikatwi, hupewa mmoja. Mimi nikapewa sanduku la nguo na ishara ya msalaba. Nikachukua mzigo mmoja wa ngano, na lori lililoubeba. Mzigo mmoja, Loka. Mwaka sitini na mbili. Ngano yenyewe ilikuwa na magugu.

Nitakuchagulia, na nitakuletea mwenyewe. Nataka nione kama ule mlango wa banda bado unalia.

Baba yako mdogo,
Wendel, dume la barabara


Neuhof
30 Aprili 1996

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu matope yalitufungia ndani, halafu mbegu zikaanza. Ekari mia saba zimeshapandwa. Baba anakaa barazani anahesabu mizunguko yangu na kunipigia kelele kwamba mistari imepinda. Haijapinda.

Maneno yako nimeyaandika nyuma ya kalenda: fupi, halina kitanda, difu mbili, springi, la kukavu. Kweli ua wetu ni mwembamba. Nimepima kwa kamba kati ya ghala la zamani na banda: kichwa kirefu hakipiti kona bila kung'oa kitu. Tena siku nyingine ataendesha Mzee Pius, aliyestaafu posta, mwenye shingo isiyogeuka. Lori la kumpa huyo ni lile ambalo hata kondoo angeliendesha.

Vetter kanunua lake tayari. Jekundu, refu, lina taa ishirini na mbili paani. Baba alilizunguka mara mbili akasema, "Hilo ndilo lori."

Kuhusu kuja kwako. Usije, Baba Mdogo. Naomba bila kukuvunjia heshima. Mwaka huu nisimame mbele yake na jambo moja tu. Jina lako likitajwa hapa yanakuwa mawili. Na nyuma ya bahasha usiandike jina. Posta siku hizi anachukua Baba.

Leokadia


Amarillo
12 Mei 1996

Loka,

Marahaba. Sawa, siji. Hata hivyo mwezi wa saba nina mizigo ya Kalifonia imenipanga foleni, wananigombania kama bibi harusi.

Nimelipata. Limo kwenye uwanja mmoja nje ya mji, linanadiwa tarehe ishirini na tano. Lilikuwa la kampuni ya maziwa. Jeupe, fupi, halina kitanda, na sura yake mbaya kama jino la farasi. Difu mbili. Springi. Gia kumi, laini, Mzee Pius ataendesha huku anasinzia. Nilikwenda saa moja, nikaikuta injini baridi kama pua ya mbwa, nikaiwasha: ikakohoa mara moja tu, ikasema habari za asubuhi. Nikaingia chini kwa tochi, nikatoka na vumbi bila kutu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hili limekaa pembeni kimya, hata muuzaji kalisahau. Wanunuzi wote wamelizunguka jeusi lenye picha ya tai ubavuni.

Hilo ndilo lako. Nimeliambia.

Unaposema jina langu likitajwa yanakuwa mawili, huwa anasema nini hasa? Niambie neno kwa neno. Mimi nina ngozi ya kifaru.

Wendel


Amarillo
27 Juni 1996

Mwanangu,

Hujambo? Baba, ndama, Mzee Pius na shingo yake, wote nawasalimu. Najua umeniandikia mara mbili na sikujibu. Barabara.

Lile jeupe tuliache. Nililirudia mara ya pili, difu ya nyuma inalia. Sauti ndogo, wengine wasingeisikia.

Lakini usihuzunike, nimekupatia bora. Ni la mjane mmoja hapa, mumewe alikuwa dereva, alilitunza kuliko alivyomtunza mkewe. La buluu ya giza. Injini imefunguliwa na kufungwa upya miaka miwili iliyopita na fundi ninayemwamini kama nafsi yangu. Ni refu kidogo, na lina kajitanda, sikatai. Lakini mwendo wake, Loka. Unaweza kuweka kikombe cha kahawa juu ya dashibodi kutoka hapa mpaka Neuhof kisimwagike. Vetter akiliona atameza mbegu zake na maganda.

Mjane anakubali elfu nane. Hundi iandike kwa jina langu, yeye mambo ya benki yanamtia kizunguzungu. Rafiki yangu Eusebio atalileta tarehe tisa.

Ukiliegesha mara ya kwanza, liegeshe mbele ya baraza.

Wendel


Neuhof
16 Julai 1996

Baba Mdogo,

Shikamoo. Eusebio alifika salama. Amekula supu ya madonge ya unga sahani tatu, akampa Baba pilipili za kukausha. Baba kamuuliza lori limetoka wapi, akasema, "Texas, mzee, kwa mama mmoja," akaangalia viatu vyake.

Ngano imeanza kugeuka rangi. Tutaanza wiki mbili zijazo.

Nimelipima kwa kamba ile ile, Baba Mdogo. Halipiti. Siku ya kwanza nilikata kona nikaondoka na mlango wa ghala la zamani, na Vetter alikuwa pale. Akasema, "Loka, hilo unalala humo au unabeba ngano?" Nilibomoa ukuta wa mbao wa babu siku tatu ili nipate pa kugeuzia. Baba alikaa barazani akihesabu mbao nilizong'oa.

Injini ni nzuri. Sina neno na injini. Tela la ngano nililonunua kwa Schaaf, muuza matela, limeshika vizuri. Ila ulinikataza kitanda, ukanitumia kitanda. Ulisema fupi, ukatuma refu. Ulisema springi, hili linakalia mito ya upepo na shambani linayumba kama mlevi. Wewe siyo mtu wa kusahau maneno yako, hasa yale ya kujisifu.

Huyo mjane anaitwa nani? Nataka kumshukuru kwa barua.

Leokadia


Amarillo
28 Julai 1996

Loka,

Mjane kahamia kwa dada yake, anwani sina.

Kwenye shamba lenye maji punguza upepo wa matairi, na gia ya chini usiiachie ghafla. Ukipanda kilima cha kanisa usibadilishe gia katikati, lenyewe litapanda; lizoee, lina akili. Asubuhi lipe dakika tano kabla hujaligusa. Haliendi likiwa na hasira.

Kaka keshalipanda? Kalizunguka? Kasema nini?

W.


Neuhof
8 Septemba 1996

Baba Mdogo Wendel,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima wa mwili.

Ngano imekwisha. Mzigo wa mwisho niliumwaga Alhamisi ya tarehe ishirini na tisa Agosti, saa kumi jioni, siku tano kabla ya shule. Mizigo hamsini na mitatu. Arobaini na mitatu ni yangu, kumi ya Mzee Pius, na lori halikulala njiani hata mara moja. Mvua ilianza usiku wa tarehe thelathini. Vetter ngano yake ililowa, ikaota mashuke yakiwa yamesimama. Nakuambia haya ili ujue nilifika.

Ijumaa Baba alikaa barazani. Nikaweka risiti zote za ghala kwenye mapaja yake, nikazikandamiza kwa kikombe zisipeperuke. Akazipitia moja moja. Akasema, "Hata mimi sijawahi kumaliza Agosti." Ndiyo maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kunipa, na yalidumu kama nusu saa.

Nilikwenda kulivua tela ili niliogeshe lori. Miezi yote tela lilikuwa linaficha mgongo wa kabini. Nilipokitoa kichwa na kukigeuza, mgongo ukaelekea barazani. Hapo mgongoni pana maandishi ya Kijerumani ya herufi za kizamani; mimi niliyaona tangu siku ya kwanza. Kijerumani changu ni cha kuombea chakula tu, nikadhani ni urembo wa madereva. Nikayamwagia maji, vumbi likatoka.

Baba akaniita.

"Lori hili la nani?"

"La kwangu, Baba."

"Kabla yako."

"La mjane mmoja wa Texas."

"Na huyo mjane alikijua kitambaa cha jikoni cha mama yangu?"

Akanisomea. "Kazi huyatia maisha utamu." Akasema Bibi alilidarizi neno hilo akiwa msichana, likatundikwa juu ya jiko miaka arobaini, na alizikwa nacho kile kitambaa mikononi kabla mimi sijazaliwa. Akasema duniani wamebaki wanaume wawili tu waliokula chini ya kitambaa kile, na mmoja ni yeye.

Nikamwambia kila kitu. Nilimwambia ni mimi niliyekuandikia, wewe hukuanza. Nikamwambia, "Ngano iko ghalani, Baba. Risiti hizo."

"Naziona," akasema. "Nilisema ufikishe wewe. Sikusema Wendel. Aliondoka hapa na ngano yangu, amengoja miaka thelathini na minne, amerudi kuibeba tena. Na wewe ndiye uliyemfungulia."

Jumamosi alimpigia Vetter simu. Wametia saini Jumatano, miaka kumi. Mimi nimeachiwa nyumba mpaka nitakapoolewa au nitakapochoka.

Sikuandikii kukulilia. Nina swali moja, na safari hii usinijibu kwa mzaha. Lile jeupe lilikuwa na nini?

Leokadia


Amarillo
30 Septemba 1996

Leokadia,

Lile jeupe halikuwa na kitu.

Difu haikulia. Nilikwenda mnadani tarehe ishirini na tano, nikasimama mstari wa mbele, nikainua mkono mara mbili, halafu nikaushusha. Mtu wa Nebraska akalichukua kwa elfu saba. Lingekufaa miaka ishirini na hakuna ambaye angeliuliza limetoka wapi.

La buluu ni langu. Nimelala ndani yake miaka kumi na moja. Februari daktari aliniandikia sindano za sukari, na anayejidunga sindano sheria haimruhusu kuvuka jimbo na lori. Wakanipokonya leseni hapo hapo kaunta, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mizigo ya Kalifonia haikuwepo. Sasa naosha malori ya wenzangu kwa bomba, wananiita mzee. Ulipoandika Machi, la kwangu lilikuwa limesimama nyuma ya gereji matairi yanapasuka kwa jua.

Pesa sikuzihitaji kivile. Nilitaka lifike. Nilijua ua ni mwembamba, nimezaliwa pale. Nilijisemea utabomoa kitu, watu wa kwetu wanapenda kubomoa. Nililipaka rangi milango yote miwili nikafuta jina langu. Nikazunguka nyuma na brashi, nikasoma yale maneno ya Mama, nikaiweka brashi kwenye kopo.

Nilitaka Balzer ayaone. Sikutaka kingine. Nilidhani atasoma, halafu jioni atakuuliza, "Huyu mpumbavu anakula wapi siku hizi?" Nilishapanga na jibu nitakalokupa umpelekee. Nililirekebisha mara nyingi, la kuchekesha sana.

Ulikuwa umeniambia wazi kwamba usimame na jambo moja tu. Nilikusoma vizuri. Miwani ninayo.

Leo nimemwandikia yeye mwenyewe, barua ya kwanza tangu sitini na mbili. Nimemwambia wewe hukujua, kosa ni langu, akurudishie. Sikuweka utani.

Lori usiliuze kwa hasira. Injini yake ina maili laki nne mbele.

Wendelin


Neuhof
19 Agosti 1997

Wendelin,

Barua yako kwa Baba ilifika mwaka jana, Oktoba. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Akaniambia kahawa imepoa. Machi tulimpeleka kwenye nyumba ya wazee mjini. Bado anaweza kusoma. Hajaniomba karatasi ya kukuandikia.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na la kusema, na sasa nina kazi. Sikuliuza lori. Nabeba nafaka za watu. Majira ya baridi nilibeba alizeti, nikabeba mahindi mpaka Minesota, nikalala humo siku ishirini na sita kwa mpigo. Ulisema kweli juu ya injini.

Jana Vetter alinipigia. Lake jekundu limevunja giaboksi, na ngano imeiva, na mawingu yalikuwa yanakusanyika magharibi. Aliniuliza nachukua kiasi gani kwa mzigo. Nikamtajia kile ninachomtajia kila mtu.

Nikaingia shamba letu alilokodi kwa njia ya mashariki, ile inayopita kwenye mawe niliyoyaokota na Mama. Vetter alikuwa amesimama getini, kofia kaisukuma nyuma. Akainua mkono, akanielekeza nipinde kushoto, halafu moja kwa moja mpaka kwenye mashine. Akapaza sauti, polepole, kama anayemsaidia mgeni: "Angalia hapo kwenye shimo."

Nikamwambia asante, nikapinda kushoto.

L. Gefroh